Mtoza Kodi na Fedha Isiyoonekana

Kodi haitozwi juu ya kitu kisichoonekana. Kila mtawala amelijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo maana historia ya kodi katika nyanda hizi za juu za Kigoma, tangu Kasulu hadi Kibondo, ni historia ya mahali pa kusimama: kivukoni, mlangoni mwa nyumba, gulioni, na kwenye kamba iliyofungwa kukatiza barabara. Mtoza kodi hutafuta mahali ambapo mtu hana budi kupita, akaketi hapo na kusubiri. Sasa vijana wetu wanapokea na kuuza fedha isiyopita kivuko chochote, wala kugusa kamba yoyote, nayo serikali imesema inataka sehemu yake. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kijana mmoja aliniletea hesabu yake, nami nikaona kwamba hesabu ile haikuwa ya darasa la saba.

Nianze mbali kidogo. Mwezi Novemba mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa akikatiza nchi ya Uha kuelekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Watemi na wakubwa wa njiani walimtoza hongo, yaani vitambaa na shanga, kabla ya kumruhusu kupita. Alilipa kwa wa kwanza, akaambiwa hapo mbele yuko mwingine, akalipa tena, akaambiwa bado wako wengine. Mwishowe alitafuta mtu wa kumwongoza, akaondoka usiku wa manane na msafara wake wote, wakaacha njia kuu na kupenya msituni, wakivikwepa vijiji mpaka walipotoka katika nchi ile. Watu wengi husoma kisa hiki kama ujasiri wa Mzungu. Mimi hukisoma kama somo la kodi. Wale watemi walikuwa na haki ya kutoza wageni waliopita katika ardhi yao, na hongo siku hizo haikuwa na maana mbaya iliyo nayo leo. Lakini hawakuwa na namna ya kujua mgeni atapata faida gani huko aendako, kwa hiyo walitoza wingi wa mizigo waliyoiona. Na ilipozidi, mgeni alipita usiku.

Huko Ujiji kwenyewe kulikuwa na jambo jingine linalofanana na haya ya leo kwa namna ya kushangaza. Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, ameeleza kwamba fedha ya sokoni ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zinazofanana na vipande vifupi vya mirija ya kiko. Asubuhi soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine; jioni waliwapokea wauzaji wenye sofi na kuwarudishia shanga walizotaka. Walipata faida pande zote mbili. Hakukuwa na benki kuu iliyotengeneza sofi, wala mfalme aliyeweka sura yake juu yake. Thamani yake ilitokana na jambo moja tu, kwamba watu wa soko lile walikubali kuipokea.

Msomaji atakayeniuliza Bitcoin ni kitu gani, humwambia aanze na sofi. Tofauti ni kwamba sofi ilishikika mkononi. Sarafu hizi za kidijitali ni maandishi katika daftari moja la pamoja, linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, lililoanza tarehe 3 Januari 2009. Kila mara sarafu inapohama kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine, daftari huandikwa, na hakuna awezaye kufuta mstari wa jana. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo wengi, kwamba fedha hii imefichika kabisa. Ni wazi kuliko noti za mfukoni. Kasoro yake kwa mtoza kodi ni nyingine: ni daftari la mahudhurio lenye alama za kila siku lakini lisilo na majina ya wanafunzi. Unajua nani alikuwapo na nani hakuwapo, ila humjui ni nani.

Kabla ya kufika kwenye sheria zetu, nipite kwenye nyumba na kichwa, maana hapo ndipo wazee wetu walipoumia. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Kwa nini nyumba, na kwa nini kichwa? Kwa sababu nyumba haihami usiku, na kichwa huhesabika. Hakuna aliyeuliza kama mwenye kichwa hicho amepata chochote mwaka ule. Katika Buha, ambako fedha haikuwapo ila mihogo, maharage, ng'ombe na asali, jibu lilikuwa kwenda kuitafuta fedha kule iliko: mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waha wakawa manamba. Baba yangu alikwenda mara mbili. Kodi ile haikutoza pato. Ililazimisha pato litafutwe, tena mbali. Kodi ya maendeleo iliyorudi miaka ya 1980 ilikuwa na mdundo ule ule, na nadhani hakuna mtu mzima wa Kasulu asiyekumbuka wanaume waliolala porini siku za msako wa stakabadhi. Ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeilia.

Sasa tuje kwenye hizi sarafu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini, na kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo ya fedha za mtandao. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo anayopewa mkazi wa Tanzania kutokana na kuhamisha au kubadilisha mali ya kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Anayepaswa kuikata ni mwenye jukwaa la kubadilishia, au yule anayewezesha mabadilishano hayo.

Wapo waliocheka: kitu kilichokataliwa na Benki Kuu, sasa kinatozwa na Mamlaka ya Mapato! Mimi sikucheka. Mbuzi si fedha halali, wala sofi isingekuwa fedha halali leo, lakini mtu akilipwa mbuzi wanne kwa kazi ya kuezeka nyumba, amepata pato. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hutambua malipo yasiyo ya fedha kwa thamani yake sokoni. Wamarekani nao tangu mwaka 2014 wamesema kwamba kwa habari ya kodi Bitcoin ni mali, si fedha. Hapo hakuna mgongano. Mgongano uko katika neno moja dogo, nalo ni asilimia 3 ya nini?

Ni asilimia 3 ya malipo yote. Si ya faida. Chukua kalamu, msomaji. Kijana ana shilingi 1,000,000. Ananunua sarafu, anaziuza siku ile ile kwa 1,010,000. Faida yake ni shilingi 10,000, ambayo kwa mchuuzi wa aina hii ni siku njema. Asilimia 3 ya 1,010,000 ni shilingi 30,300. Amepata elfu kumi, ametozwa elfu thelathini na mia tatu. Jioni ana hasara ya shilingi 20,300. Mwenzake alinunua kwa 1,000,000 miaka michache iliyopita, akalala, akauza kwa 5,000,000. Huyu anakatwa 150,000 na kubaki na faida ya 3,850,000. Aliyehangaika kutwa nzima ametozwa mara tatu ya faida yake, na aliyelala ametozwa chini ya senti nne kwa kila shilingi ya faida. Aliyeuza kwa hasara naye hakatwi kidogo kwa kuwa amepata hasara. Mtoza kodi ameketi kivukoni na kuhesabu mizigo.

Sisemi kwamba waliotunga sheria ni wajinga. Walijua kwamba faida hawawezi kuiona. Ili kuijua faida ya mtu sharti ujue alinunua lini na kwa bei gani, na bei ya kitu hiki hairuhusu kubahatisha: Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, ikaanguka chini ya dola 17,000 Novemba 2022, ikavuka dola 100,000 Desemba 2024. Mtu anayesema alinunua kwa 60,000 na yule anayesema alinunua kwa 17,000 wanaweza kuwa wamenunua kwa kupishana mwaka mmoja tu. Nani ana stakabadhi? Kwa hiyo mtunga sheria akashika kinachoonekana, yaani malipo yanapopita.

Lakini je, yanaonekana? Hapa Kibondo, kama mahali pengine, mtu akitaka kuuza sarafu zake humtafuta mnunuzi katika soko la mtandaoni kama Binance. Soko huzishika sarafu zile kwa amana. Mnunuzi, ambaye huenda yuko Mbeya au Mwenge, hutuma shilingi kwa M-Pesa au Airtel Money. Muuzaji akiona zimeingia, sarafu huachiliwa. Kampuni ya simu imeona nini? Imeona kwamba fulani amemtumia fulani shilingi 270,000. Haijui kama ni bei ya ng'ombe mdogo, mchango wa harusi, ada ya shule au sarafu. Jukwaa lenyewe liko ng'ambo. Na vijana wawili wakikaa kwenye benchi moja mjini Kasulu, mmoja akatoa noti na mwingine akabonyeza simu, nani hapo ndiye mwezeshaji anayepaswa kukata asilimia 3? Mwenye benchi?

Ndiyo maana nasema kwamba mzigo wa sheria hii humwangukia anayepita mchana. Wakenya wamekwisha kuuona ubaya wake. Sheria yao ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 ya thamani yote, ikaanza Septemba 1, 2023. Haikumaliza miaka miwili. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliifuta kuanzia Julai 1, 2025, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada inayotozwa na watoa huduma wa sarafu hizo. Yaani wameacha kutoza mzigo wa msafiri, wakatoza nauli ya mtumbwi. India kwa upande wake iliweka asilimia 30 ya faida kuanzia Aprili 2022, bila kuruhusu hasara kupunguza faida, na juu yake makato ya asilimia 1 katika kila mauziano kuanzia Julai mwaka ule. Wachuuzi wengi wakahamia masoko ya nje ya nchi yao. Stanley hakuwa wa mwisho kupita msituni.

Sisi wenyewe tuna mfano mzuri zaidi ya huo, tena hauhitaji kompyuta. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasamehe mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ushuru ule nao ni wa thamani yote, si wa faida, na una kasoro zake. Lakini ule msamaha wa tani moja! Mama mwenye magunia manne ya maharage aliacha kupita vichochoroni. Akapita barabarani, mchana, mbele ya geti. Nadhani sarafu nazo zingestahili tani yao moja.

Sasa nimweleze yule kijana. Ni mjukuu wa mwalimu mwenzangu, nami huniita Babu. Hachuuzi sarafu. Anachora nembo na matangazo kwa kompyuta kwa watu wa nchi za nje, nao humlipa kwa USDT, ile sarafu inayofuata thamani ya dola, kwa sababu njia nyingine za kumlipa mtu aliye Kibondo ni za gharama au hazifiki. Alikuja na karatasi, akaniambia, "Babu, nataka kulipa. Ila nilipe kwa shilingi ya siku gani?"

Oktoba 2024 alilipwa USDT 500. Wakati ule dola ilikuwa takriban shilingi 2,700, hivyo kazi yake ilikuwa na thamani ya shilingi 1,350,000. Hakuuza, alitaka kununua kompyuta mwisho wa mwaka. Ilipofika mwisho wa Desemba shilingi ilikuwa imepanda, na dola ikawa karibu 2,400. Aliuza, akapata 1,200,000. Sarafu zilikuwa zile zile 500, hazikupungua hata moja. Je, pato lake ni la Oktoba au la Desemba? Na zile 150,000 ni hasara ya nani? Zaidi ya hayo, kama jukwaa lingemkata asilimia 3 siku ya kuuza, je, makato yale yangekuwa kodi ya ujira wake wa kuchora, au ya mauzo ya sarafu, ambayo hakupata faida yoyote kwayo?

Tuliikaa meza ile mpaka giza likaingia. Kwa maoni yangu jibu la sehemu ya kwanza si gumu: ujira ni ujira siku uliopokelewa, kama ingekuwa mbuzi wanne tungewathamini siku walipofungwa mtini. Kilichofuata baada ya hapo ni biashara nyingine, na hasara yake ni hasara ya kweli inayostahili kuandikwa. Lakini ili aseme hivyo mbele ya ofisa, sharti awe ameandika bei ya siku ile, na hakuna aliyemfundisha kuandika. Hapa naona kasoro kubwa kuliko viwango vyenyewe. Mtu wa Dar es Salaam ana mhasibu. Mtu wa Kibondo ana babu.

Alinieleza pia kwamba wenzake walimcheka, wakamwambia hakuna atakayemjua. Nikamwambia hilo lina muda wake. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya Coinbase itoe taarifa za wateja wapatao 13,000 kwa mamlaka ya kodi ya huko. Nchi nyingi zimekubaliana chini ya utaratibu wa OECD kubadilishana taarifa za wenye sarafu hizi, za kwanza zikianza mwaka 2027. Siku hiyo daftari la mahudhurio litaanza kupata majina, na kwa kuwa mistari ya zamani haifutiki, majina yataandikwa hata mbele ya alama za miaka iliyopita. Hiyo ni sababu ya woga, nami sipendi kumfundisha kijana kwa woga.

Sababu nyingine ilikuwa juu ya vichwa vyetu, balbu iliyokuwa ikiwaka. Hadi mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na anayejua jenereta anajua ratiba zake. Oktoba 2022 gridi ya Taifa ilifika, majenereta yakazimwa. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imetiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo huo utalipwa na watu. Kijana huyu hafanyi kazi hewani kama wenzake wanavyodhani. Mteja wake yuko ng'ambo, ujira wake uko katika daftari lisilo na nchi, lakini kompyuta yake imechomekwa ukutani Kibondo. Akikosa kulipa yeye mwenye kalamu ya kidijitali, atakayeulizwa ni yule mama wa maharage, kwa sababu magunia yanaonekana.

Hata hivyo sikumwambia kwamba serikali ina haki katika kila ilichoandika. Nilimwambia alipe kilicho cha haki, na kisicho cha haki akiandikie barua, kwa Kiswahili, aweke nakala. Kodi ya kichwa haikuondoka kwa sababu watu walilala porini. Walilala porini miaka mingi nayo ikaendelea. Iliondoka iliposemwa mchana, kwa hoja.

Tukachora mistari katika kauntabuku: tarehe, kazi iliyofanywa, idadi ya sarafu, shilingi kwa dola siku ya kupokea, shilingi kwa dola siku ya kuuza, makato. Safu ya saba alitaka kuiita faida. Nilimshauri aiite tofauti, kwa kuwa mara nyingine itakuwa na alama ya kutoa mbele yake. Amejaza kurasa tatu hadi sasa, kwa kalamu ya wino, na safu ya makato bado anaiandika kwa penseli.